Fukwe za Unguja na marafiki: panga safari kwa hesabu ya maji

Kila ikikaribia likizo ya Juni au Desemba, simu yangu hujaa maswali yale yale matatu. Pwani gani ya Unguja ni nzuri kuogelea? Mbona tulifika tukakuta bahari imekauka, wakati pichani ilikuwa buluu tupu? Na maporomoko ya maji ya Zanzibar yako wapi? Nimeona niyajibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio ambao mtu anayepeleka kundi la marafiki kwa mara ya kwanza anaweza kuufuata.

Swali la mwisho jibu lake ni fupi, kwa hiyo nalianza. Unguja usitafute maporomoko. Sehemu kubwa ya kisiwa, hasa mashariki na kusini, ni jiwe la matumbawe ya kale, eneo ambalo wenyeji huliita uwanda. Mvua ikinyesha hapo hupenya ardhini moja kwa moja, na maji utayakuta chini, kwenye mapango. Mapango hayo yana raha yake, na hatua ya 7 ni yao. Kama kundi lako limeshikilia maporomoko, ongezeni siku mbili bara. Hatua ya 8 inaeleza.

Swali la pili ndilo lililonifanya niandike. Mara yangu ya kwanza tulikuwa watu sita. Tulifika Jambiani saa nne asubuhi, tukakuta mchanga, mwani na mashua zimelala ubavu. Kwa hasira ya vijana tukaamua kuifuata bahari kwa miguu hadi kwenye mwamba. Tulikuwa mbali sana pale mama mmoja aliyekuwa akivuna mwani alipotupigia kelele: "Nyie wanangu, rudini! Hamuoni maji yanapita nyuma yenu?" Tulirudi maji yakiwa kifuani, simu juu ya vichwa, na mmoja wetu hakujua kuogelea. Tangu siku ile sikati tiketi kabla ya kuhesabu maji.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kitambulisho. Mtanzania abebe cha NIDA au pasipoti. Bila kitambulisho hupandi boti ya Dar es Salaam kwenda Unguja. Asiye Mtanzania abebe pasipoti, na aulize mapema kuhusu bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, ambayo wageni wa kigeni walianza kutakiwa kuwa nayo Oktoba 2024.
- Viatu vya kuingia navyo majini. Yeboyebo zilizobana mguu zinatosha. Ndala hazifai, maji huzivua.
- Kanga au kikoi kwa kila mtu, awe mwanamke au mwanamume.
- Mafuta ya kukinga jua, kofia, na fulana ya mikono mirefu ya kuogelea nayo. Mgongo wa mtu anayetazama samaki huungua bila yeye kusikia.
- Mfuko usiopitisha maji kwa ajili ya simu na fedha.
- Fedha taslimu. Paje na Nungwi utapata mashine za kutolea pesa, lakini vijiji vingi vya pwani havina.
- Kalenda yenye tarehe za Kiislamu. Programu ya simu inatosha, au ile ya karatasi inayotundikwa madukani.

Hatua ya 1: Hesabu maji kwanza, tiketi baadaye

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku. Kati ya kujaa na kupwa ni takriban saa sita, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Kuna siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana. Bandarini Unguja tofauti kati ya kujaa na kupwa inaweza kufika mita nne hivi. Na kuna siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ambapo bahari haiendi mbali wala haiji kwa kishindo.

Wavuvi hawahitaji jedwali, wanahesabu tarehe za mwezi mwandamo. Nawe unaweza. Kwa Unguja hesabu inakuja hivi ("mwezi 1" ni siku ya kwanza ya mwezi mwandamo, si Januari):

- Mwezi 1 na mwezi 15: maji makavu karibu saa nne na nusu asubuhi, yamejaa karibu saa kumi na nusu jioni.
- Mwezi 4 na mwezi 18: makavu karibu saa saba mchana, yamejaa asubuhi mapema na tena jioni jua likizama.
- Mwezi 8 na mwezi 22: yamejaa karibu saa nne asubuhi, makavu karibu saa kumi jioni. Hayo ndiyo maji mafu.
- Mwezi 12 na mwezi 26: yamejaa saa saba mchana hivi, makavu asubuhi mapema na tena usiku ukiingia.

Hii ni hesabu ya kukadiria. Dakika kamili zitoe kwenye jedwali la maji la Zanzibar katika simu, na ukifika muulize mvuvi yeyote: "Maji yanajaa saa ngapi leo?" Hakuna atakayekunyima jibu.

Sasa amua mnataka nini. Kundi linalotaka kuogelea mchana kutwa pwani ya mashariki liende kati ya mwezi 8 na 12, au 22 na 26. Kundi linalotaka fungu la mchanga katikati ya bahari, kutembea kwenye mashamba ya mwani na kuogelea jioni, liende kwenye bamvua. Siku zote ni nzuri kama ratiba imezifuata.

Kosa la kawaida: kupanga kila kitu kianze "asubuhi baada ya chai" kwa siku zote tatu. Bahari leo haiwi kama ya jana.

Hatua ya 2: Tazama upepo

Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, na huchafua maji ya kaskazini-mashariki: Matemwe, Kiwengwa, na ncha ya Nungwi. Kusi hushika hasa Juni hadi Septemba, na huipiga pwani ya kusini-mashariki. Boti ya Dar nayo huyumba zaidi wakati wa kusi. Masika, hasa Aprili na Mei, mvua ni nyingi na nyumba nyingi za wageni hufunga. Bei hushuka, lakini sishauri kundi la mara ya kwanza liende miezi hiyo.

Hatua ya 3: Chagua kambi mbili, si tano

Unguja inaonekana ndogo kwenye ramani. Ukweli ni kwamba kutoka Mjini hadi Nungwi ni takriban kilomita 60, na kwenda Paje ni zaidi ya saa moja barabarani. Kundi linalohama kila siku hula likizo yake ndani ya gari. Kwa siku nne au tano, lala sehemu mbili.

Kaskazini, Nungwi na Kendwa, ndiko kwa wanaotaka kuogelea bila kuuliza saa, maana kina kiko karibu na ufukwe hata maji yakipwa. Kendwa inatazama magharibi, kwa hiyo jua linazama baharini mbele yenu. Ubaya wake ni kelele na watu wengi.

Mashariki, kuanzia Matemwe hadi Jambiani kupitia Kiwengwa, Pongwe, Bwejuu na Paje, ndiko kwenye mchanga mweupe mrefu na maisha ya kijiji. Hapa bahari huenda mbali, mahali pengine kilomita nzima na zaidi. Paje imejaa wacheza kaiti, wale wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na tiara kubwa. Jambiani, kilomita chache kusini yake, bado ina utulivu, na nikiulizwa mimi, ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Unaamka unasikia watoto wanakwenda chuoni (madrasa) na akina mama wanateremka pwani na kamba za mwani. Kilimo hicho kilianza hapa Paje na Jambiani mwaka 1989, na hadi leo wanaokifanya ni wanawake kwa wingi.

Ukiwa mashariki na bado unataka kuona jua likizama, nenda Michamvi Kae. Iko upande wa ndani wa rasi, inaitazama ghuba ya Chwaka na magharibi. Upande wa pili, Pingwe, kuna ule mgahawa uliojengwa juu ya jiwe, unaojulikana kama The Rock. Maji yakipwa unaufikia kwa miguu, yakijaa unavushwa kwa mtumbwi.

Kusini kabisa, Mtende kuna ufukwe mdogo uliobanwa na majabali. Nendeni maji yakiwa makavu au ndiyo kwanza yanaanza kujaa, maana yakijaa mchanga unabaki kidogo sana. Kizimkazi Dimbani iko jirani. Kuna msikiti wa kale wenye maandishi ya Kiarabu ya mwaka 1107. Ingieni kwa ruhusa na kwa mavazi ya staha.

Hatua ya 4: Wekeni mfuko mmoja wa fedha

Marafiki wengi hugombana kwa sababu ya nauli ya gari na bili ya samaki, si kwa mambo makubwa. Kabla ya kupanda boti, kila mtu atoe kiasi sawa, mmoja ashike, na aandike kila kinachotoka. Kikipungua, wote waongeze sawa. Gari dogo la abiria mkilikodi pamoja na dereva wake huwa nafuu kuliko teksi mbili, na dereva wa kisiwani anajua pwani gani inafaa saa hiyo. Mkitaka rahisi kabisa pandeni daladala: 116 ni ya Nungwi, 118 Matemwe, 309 Jambiani, 326 Kizimkazi. Vituo vya Mjini vimehamahama, ulizeni siku hiyo.

Hatua ya 5: Kutembea pwani maji yakiwa makavu

Hii naieleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayopendeza sana na ndiyo inayoponza watu.

1. Jua saa kamili ya maji makavu. Anzeni kutembea saa moja na nusu kabla yake, mkiyafuata maji yanavyotoka.
2. Vaeni viatu. Kwenye vidimbwi kuna wale wadudu weusi wenye miiba mirefu kama nungunungu, na mwiba wake hukatikia ndani ya nyayo.
3. Chukueni mwenyeji wa kuwaongoza, ikiwezekana mmoja wa wakulima wa mwani, na mlipe. Msikanyage kamba za mwani wala msipite katikati ya shamba kupiga picha. Lile ni shamba la mtu.
4. Kiti cha pweza, yule mnyama mwenye umbo la nyota, mtazameni majini alipo. Kumtoa nje kwa ajili ya picha ni kumuua, hata kama dakika ni chache.
5. Saa ya maji makavu ikifika, geukeni. Msingoje kuona maji yakija.

Kosa la kawaida, na ndilo tulilofanya sisi: kudhani maji yatakuja kutoka mbele, taratibu, kama mtu anayetembea kuwafuata. Sivyo. Maji huingia kwanza kwenye vijito na mabonde yaliyo nyuma yenu, kati ya mwamba na ufukwe. Mnaweza kuwa mmesimama pakavu huku njia ya kurudi imeshafika kiunoni. Na jihadharini na milango ya mwamba, zile sehemu mashua zinapopita. Maji yakiwa yanatoka, mkondo wa mlangoni una nguvu ya kumchukua mtu mzima hadi bahari kuu.

Hatua ya 6: Siku ya boti

Safari tatu ndizo zinazoulizwa zaidi. Mnemba, kaskazini-mashariki, ni kwa kutazama samaki na matumbawe. Eneo lile ni hifadhi na kisiwa chenyewe ni cha hoteli, kwa hiyo mtaogelea kuzunguka lakini hamtashuka nchi kavu. Ghuba ya Menai, mkitokea Fumba, ina visiwa vidogo na mafungu ya mchanga, nayo ni hifadhi tangu 1997. Na kutoka Mjini kuna fungu la Nakupenda, ambalo wengi huliunganisha na safari ya kisiwa cha Changuu wakaone makobe wakubwa ambao asili yao ni Ushelisheli. Nakupenda hufunikwa na maji yakijaa sana, ndiyo maana nasema bamvua ni nzuri: saa nne au tano asubuhi mchanga wote uko juu.

Ufukweni mtafuatwa na papasi, vijana wanaowatafutia wageni boti. Wengine ni waungwana kabisa, lakini wao si manahodha. Ombeni kumwona nahodha na chombo chenyewe, kisha ulizeni haya kabla ya kutoa hata shilingi:

- Bei ni ya boti nzima au ya kila kichwa?
- Ada ya hifadhi imo ndani?
- Miwani ya kuzamia, maji ya kunywa na chakula vimo?
- Jaketi za kuokolea ziko ngapi? Zihesabu. Zikipungua idadi yenu, tafuteni boti nyingine.
- Tunarudi saa ngapi, na maji yatakuwaje hapo tutakaposhukia?

Toeni malipo ya awali kidogo, yanayobaki mkirudi. Na asiyejua kuogelea aseme wazi mbele ya wote. Hakuna aibu hapo. Avae jaketi tangu boti inang'oa nanga, na awe na mwenzake mmoja wa kumtazama.

Kuhusu pomboo wa Kizimkazi: mkienda, mwambieni nahodha asiwafukuze wala kuwazingira. Boti kumi zikimkimbiza mnyama mmoja mimi sioni raha yake.

Hatua ya 7: Mapango yenye maji

Hapa ndipo wanaopenda maporomoko wanapopata faraja. Paje kuna pango la Maalum, Jambiani kuna Kuza. Yote mawili yana maji baridi, safi, chini ya paa la jiwe. Huingiwa kwa kiingilio. Suuza mafuta yote mwilini kabla ya kuingia, maana maji ya pango hayana mawimbi ya kuyaondoa. Usipige mbizi kwa kichwa, mawe hayaonekani vizuri gizani. Mapango ni mahali pazuri pa kutumia zile saa bahari ikiwa imekwenda mbali. Mkitoka Mjini asubuhi njia ya kwenda huko inapita Jozani, msitu wa kima punju, na unaweza kuutembelea kwa saa moja na nusu tu.

Hatua ya 8: Kwa wanaotaka maporomoko kweli

Rudini Dar, pandeni treni ya umeme hadi Morogoro, kisha gari kupitia Mikumi hadi Mang'ula, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Maporomoko ya Sanje yanashuka takriban mita 170, na chini yake kuna mahali pa kuogelea. Mtapanda na mwongozaji wa hifadhi, anzeni asubuhi mapema. Bahari ina saa zake, mto hauna: ukitazama maji yakaanza kubadilika rangi na kuwa ya kahawia, au yakaleta majani na vijiti, tokeni mara moja hata kama mlipo jua linawaka. Mvua imenyesha juu mlimani. Na mawe yenye kuvu huteleza kuliko yanavyoonekana, msirukie majini kutoka juu yake.

Adabu ya vijijini

Nguo ya kuogelea ni ya ufukweni. Ukivuka mchanga kuingia kijijini, dukani au kwenye daladala, funga kanga au vaa kikoi na fulana. Salimia kwanza, omba ruhusa ndipo upige picha ya mtu. Ramadhani usile wala kunywa hadharani mchana. Kundi linaloamkia wazee "shikamoo" hupata msaada kabla halijauomba.

Mambo yakiharibika

*Mmefika, bahari haipo.* Tazameni saa ya maji. Kama zimebaki saa kama nne ndipo yajae, nendeni pangoni au Jozani, kaleni, mrudi. Msikodi gari kwenda Nungwi kwa hasira, mtafika jioni.

*Mtu amechomwa na miiba.* Usichimbue kwa sindano. Loweka mguu kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia, ondoa miiba inayoonekana kwa kibano. Wenyeji hupaka utomvu wa papai bichi, nami nimeuona ukisaidia. Ikivimba au akipata homa, kituo cha afya.

*Yavuyavu (yule kiumbe laini kama ute anayeelea majini) amemwasha mtu.* Suuza kwa maji ya bahari, si ya bomba, ondoa nyuzi zilizoganda bila kusugua. Akishindwa kupumua vizuri, hospitali bila kuchelewa. Namba ya dharura ni 112.

*Mkondo unakuvuta.* Usipigane nao kurudi moja kwa moja. Elea, inua mkono, kisha ogelea ubavuni, sambamba na ufukwe, mpaka utoke ndani yake. Walio nchi kavu wasirukie majini kumfuata. Warushe jaketi, dumu tupu au kamba, na wamwite mvuvi mwenye mtumbwi.

*Papasi hakubanduki.* "Ahsante ndugu yangu, tumeshapata," kwa tabasamu, kisha endelea kutembea. Ukianza kujadiliana bei kwa mzaha umeshaingia mkataba wa asubuhi nzima.

*Upepo umeongezeka siku ya boti.* Nahodha akisema hatuendi, msimbembeleze wala msimwongezee pesa. Mwombeni ahamishie kesho, na kumbukeni kwamba kesho maji yamesogea dakika 50.

*Kundi limegawanyika.* Wawili wanataka kulala, wanne wanataka kutembea. Waacheni wagawane, mradi saa ya maji kujaa wote wawe wameonekana ufukweni.